Damu ya mashabiki wa Simba na Yanga haikai msimu mzima

Dar es Salaam. Asubuhi ya siku ya kuchangia damu, nje ya tawi la mashabiki huwa hakuna tofauti kubwa na asubuhi ya mechi. Watu wamevaa jezi, spika imeshafungwa, mama lishe ameanza kukaanga chapati mapema. Kilichoongezeka ni vitanda vya kukunja, meza ya usajili na wataalamu wa damu salama waliokuja na makasha yao ya baridi.

Kingine ni ukimya. Shabiki anayeweza kukaa juani saa nne akipiga kelele jukwaani, akiiona sindano anaishiwa maneno. Wenzake wanamcheka, kisha zamu yao inafika na wao wananyamaza vilevile.

Hali hii huonekana kila mwaka ligi inapokaribia kuanza, misimu mingi ikiwa ni Agosti, pale Simba inapojiandaa kwa Simba Day na Yanga kwa kilele cha Wiki ya Mwananchi. Simba Day ilianza 2009 na siku yake ya asili ni Agosti 8, sikukuu ya Nane Nane. Wiki ya Mwananchi ilikuja miaka 10 baadaye, 2019. Watu wengi wanazijua kwa utambulisho wa wachezaji wapya, wasanii na Uwanja wa Benjamin Mkapa uliojaa watu 60,000. Lakini siku chache kabla ya kilele, matawi ya timu zote mbili huwa kwenye shughuli nyingine: kuchangia damu, kutembelea wagonjwa, kupeleka mahitaji kwenye vituo vya kulelea watoto yatima na kufanya usafi hospitalini na sokoni.

Kwa mzazi ambaye mtoto wake ana selimundu, au familia inayosubiri mama atoke leba, wiki hiyo ina maana kuliko usajili wowote.

Walianza kuchangia timu

Moyo huu haukushuka kutoka ofisi za klabu. Tawi la Simba au Yanga, liwe la Kariakoo au la mji mdogo wa mkoani, mara nyingi huanza kama kijiwe cha watu wanaoangalia mpira pamoja kwenye kibanda umiza. Baadaye wanaweka mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kabla hata ya kukodi basi la kwenda kuangalia mechi, wanakuwa wameshachangishana kwenye msiba wa mwenzao, wameshamsindikiza mwingine hospitalini na kumchangia wa tatu harusi. Kwa wanaume wengi wa mjini ambao ndugu zao wako mbali, tawi ndiyo familia ya kwanza kupigiwa simu usiku.

Na timu zenyewe zimebebwa na watu hawa tangu zilipozaliwa, Yanga mwaka 1935 na Simba 1936. Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa msimu wa 2018/19. Yanga ilikuwa na ukata, mishahara ya wachezaji ilikuwa shida, na kocha wake kutoka Congo, Mwinyi Zahera, akasimama mwenyewe kuwaomba mashabiki wachangie. Watani wakapata la kusema: Yanga inatembeza bakuli. Neno hilo lilitumika mitaani kama tusi kwa muda mrefu. Hata hivyo bakuli lilijaa noti ndogondogo na miamala ya simu ya watu ambao wengi hawana kazi ya mshahara, na timu ikamaliza ligi ikiwa nafasi ya pili nyuma ya Simba.

Anayejua kutoa elfu mbili kwa ajili ya mshahara wa beki asiyemjua hashindwi kumnyooshea mkono mtaalamu wa damu kwa ajili ya mtoto asiyemjua. Tatizo lipo kwingine, na ni la kalenda.

Siku 35 tu

Mchangiaji mmoja hutoa mililita 450, chini kidogo ya nusu lita. Mtu mzima ana takriban lita tano mwilini, hivyo kinachotoka ni chini ya sehemu moja ya kumi. Maji ya damu hurudi ndani ya siku moja au mbili. Chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa.

Damu hiyo haiendi moja kwa moja kwa mgonjwa. Inapimwa kwanza virusi vya Ukimwi, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende, pamoja na kundi lake. Ikipita, inaweza kutenganishwa ili mfuko mmoja usaidie zaidi ya mgonjwa mmoja. Chembe nyekundu hutunzwa kwenye jokofu kwa siku 35 kwa mifuko ya kawaida inayotumika nchini. Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, hudumu siku tano tu. Sehemu ya majimaji ndiyo inayoweza kugandishwa ikakaa hata mwaka.

Sasa piga hesabu. Damu iliyotolewa Nane Nane kwa mbwembwe zote, na picha zikasambaa kila kundi la WhatsApp, mwisho wake ni Septemba 12. Isipotumika kufikia siku hiyo, inateketezwa. Kufikia hapo ligi inakuwa ndiyo kwanza imeanza, na damu ya mashabiki imeshaisha.

Wanaoihitaji hawana msimu. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ndiyo sababu kubwa ya vifo vya uzazi duniani, na kwa miaka mingi kipimo cha hatari kilianzia nusu lita, yaani zaidi ya mfuko mzima wa mchangiaji mmoja. Mama anayevuja sana anaweza kuhitaji mifuko mitatu, minne au zaidi ndani ya saa chache. Hapo hakuna muda wa kutangaza redioni. Ama damu ipo kwenye jokofu la hospitali ile, ama haipo.

Watoto nao wana kalenda yao. Mvua za masika zikipita, malaria hupanda, na mtoto mdogo anaweza kuishiwa damu ndani ya siku mbili tatu tu za homa. Mwenye selimundu anaweza kulala mzima akaamka mweupe viganjani kwa sababu bandama limevimba ghafla na kufyonza damu yake. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huo. Makadirio yanayotumika ni takriban 11,000 kila mwaka. Baadhi yao huongezewa damu mara kwa mara ili wasipate kiharusi.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalifahamu. Wanafunzi wa sekondari waliofikisha miaka 18 ni nguzo kubwa ya damu salama nchini. Shule zikifungwa Juni na Desemba, nguzo hiyo inakwenda likizo. Desemba ndiyo pia miezi ya safari, ajali na sherehe.

Ndiyo maana familia nyingi hukutana na sharti la kutafuta ndugu wa kurudishia damu wakati mgonjwa wao amelala kitandani. Baba anazunguka kwa bodaboda kutafuta shemeji mwenye uzito wa kutosha saa sita usiku. Sera ya nchi ni kwamba damu haiuzwi, lakini jokofu likiwa tupu ndipo matapeli wanapopata mlango.

Tawi la watu 36

Masharti ya kuchangia si mengi. Uwe na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, wingi wa damu wa kutosha, na usiwe mgonjwa siku hiyo. Mwanaume anaweza kurudia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Mjamzito na anayenyonyesha wanasubiri.

Chukua tawi dogo lenye wanaume 36 wenye sifa. Wakija wote siku moja ya Agosti, wanatoa mifuko 36 na kupotea hadi mwaka unaofuata. Wakijigawa makundi matatu ya watu 12, kundi moja kila mwezi, tawi hilohilo linatoa mifuko 12 kila mwezi bila mtu yeyote kuvunja masharti. Kwa mwaka ni mifuko 144. Wanawake wa tawi wakijigawa makundi manne, hesabu inapanda zaidi.

Katibu wa tawi hahitaji programu mpya wala ofisi. Anayo tayari orodha ya ada, anayo namba za simu, na anajua nani yuko wapi Jumamosi jioni. Daftari linalojua nani hajalipia basi la Mwanza linaweza pia kujua zamu ya nani imefika. Vituo vya Mpango wa Taifa wa Damu Salama vipo kwenye kanda, na hospitali nyingi kubwa zina sehemu ya kupokea wachangiaji siku za kawaida. Si lazima iwepo spika.

Kwa mwenza aliyeko nyumbani, kazi yake ni kumpa mchangiaji chai nzito au uji asubuhi hiyo na maji ya kutosha. Asiende na njaa. Siku zinazofuata, maharage, dagaa, maini na mboga za majani zenye limau au chungwa pembeni husaidia kurudisha madini ya chuma. Chai ya rangi iliyokolea inywewe mbali na mlo, maana hupunguza uchukuaji wa madini hayo.

Wapo wanaorudishwa pale mezani, hasa wanawake wanaopata hedhi nzito, kwa kuwa damu yao ni ndogo. Wengi huondoka wakiona aibu mbele ya wanatawi. Hakuna aibu hapo. Ni kipimo ambacho huenda wasingekifanya kwa mwaka mzima, na kinawapa sababu ya kwenda kituo cha afya.

Lipo pia kosa la kimyakimya. Baadhi ya vijana hupanga foleni ili wapate kujua majibu yao ya Ukimwi bila kwenda kituo cha upimaji. Maambukizi mapya huchukua muda kabla ya kuonekana kwenye kipimo, na damu ya kipindi hicho inaweza kumfikia mtoto. Anayejua alijiweka hatarini karibuni aende kupima, na foleni ya damu aiache. Mwenyekiti wa tawi anaweza kulisema hilo kwa wote kabla ya zoezi, bila kumtazama mtu usoni.

Wodi ya watoto si jukwaa

Kwenye ziara za wagonjwa, mashabiki wanapaswa kukosolewa kidogo. Watu 40 wenye jezi hawafai kuingia kwa pamoja wodi ya watoto, hata wakiwa wamebeba upendo wote wa Jangwani au Msimbazi. Mtoto mwenye saratani au aliyezaliwa kabla ya wakati huambukizwa kirahisi. Watatu wanatosha, wenye mafua wakae nje, na mikono inaoshwa mlangoni.

Picha nazo zina shida. Kila Agosti mitandao hujaa picha za watoto waliolala na mipira puani, sura wazi, huku kiongozi wa tawi akikabidhi pakiti ya sabuni. Mama wa mtoto huyo ana mgonjwa na ana deni la dawa, atamkatalia vipi mtu anayemletea msaada? Mzazi ana haki ya kusema mtoto wake asipigwe picha, na akisema hivyo asinyimwe sabuni. Tawi lenye busara hupiga picha ya mizigo na wanachama wake, likamaliza.

Kuhusu mizigo, muuguzi wa zamu aulizwe kwanza. Wodi moja inaweza kuwa imejaa sukari na juisi za wageni wa juzi, huku kina mama wakikosa pampasi, khanga safi au nauli ya kurudi nyumbani baada ya kuruhusiwa. Kwenye vituo vya watoto yatima ni hivyohivyo: Agosti stoo hujaa mchele, Februari hakuna anayekumbuka ada wala daftari.

Utani unabaki palepale. Nyumba nyingi zina baba wa Simba na mama wa Yanga, na watoto wanaonunuliwa jezi kwa kuviziana. Wapo wanaoapa kwamba hawawezi kuwekewa damu ya Makolo, na wengine ya Utopolo. Kwenye mfuko huandikwa namba na kundi la damu, basi, na hakuna muuguzi aliyewahi kuulizwa timu saa nane za usiku.

Watoto walio chini ya miaka 18 hawawezi kuchangia, lakini wanaweza kwenda kuangalia. Mtoto aliyemwona baba yake akikunja mkono wa jezi, akatolewa damu na kuinuka akinywa soda, hakui na hofu ya hadithi kwamba damu ikitolewa mtu anakufa. Aulize maswali palepale. Wataalamu wengi hufurahi kumwonyesha jinsi mfuko unavyotikiswa ili damu isigande.

Jioni vitanda hukunjwa, makasha ya baridi yanapakiwa garini na spika inarudi kwenye nyimbo za timu. Mwanaume aliyelala kwenye kitanda kile Agosti 8 anaweza kurudi kuanzia Novemba 8. Mwanamke aliyekuwa kitanda cha pili zamu yake ni kuanzia Desemba 8, wiki ambazo wanafunzi huwa wanarudi nyumbani, na damu yake akiitoa siku hiyo itakuwa bado iko kwenye jokofu Krismasi na mwaka mpya, hadi Januari 12.