Povu Kwanza, Wembe Baadaye

Leo tunaongelea ndevu. Dada, usifungue ukurasa mwingine kwanza, kuna chako huko mbele.

Nilipokuwa kidato cha tatu, bweni letu lilikuwa na wembe mmoja. Sitanii. Wembe mmoja, wavulana wanane na ndoo moja ya maji ya kisima. Jumatatu asubuhi kulikuwa na ukaguzi, kwa hiyo Jumapili usiku ilikuwa foleni. Unapaka sabuni ya mche, ile ya kufulia, unakwangua, unasuuza wembe kwenye ndoo, unampa mwenzako. Mimi ndevu zangu zilikuwa za kuhesabu, nilinyoa kwa sifa tu. Lakini rafiki yangu aliyelala kitanda cha chini yangu alikuwa nazo za kweli, nene na za kujisokota. Kila ikifika Jumatano shingo yake imejaa vipele, vingine vina usaha. Basi maneno yakaanza. Mara ana ukimwi, mara amelogwa. Watu wakaacha kukaa naye meza moja. Mpaka tunamaliza kidato cha nne alikuwa anafunga kifungo cha juu cha shati hata kwenye jua kali.

Hakuwa na ukimwi, na hata angekuwa nao, isingekuwa sababu ya kumtenga. Alipokwenda zahanati baada ya kumaliza shule aliambiwa ni ndevu zinazoota kuelekea ndani ya ngozi. Miaka yote ile tulikuwa tunamnyima chumvi mtu kwa sababu ya kunyoa vibaya!

Vipele vinatoka wapi?

Nywele za wengi wetu Waafrika zinajikunja. Ukikata udevu uliojikunja, ncha yake inabaki kali kama kijiti kilichochongwa. Ukianza kukua unajipinda na kurudi kuchoma ngozi, au unageukia huko huko chini bila hata kutoka nje. Mwili unauona kama mwiba na unapigana nao. Ndiyo huo uvimbe na muwasho, na wakati mwingine usaha.

Sasa ukinyoa pakavu, wembe hautembei. Unalazimika kukandamiza na kupita mara nne, mara tano, pale pale. Kila ukipita, udevu unakatwa chini zaidi na ngozi nayo inakwanguliwa. Hapo umejitengenezea vipele vya wiki nzima.

Povu linafanya kazi gani?

Wengi tunadhani povu ni la kuonyesha tu mahali ambapo wembe haujapita. Hapana. Kazi yake kubwa ni kushika maji. Udevu umetengenezwa kwa keratini, protini ile ile iliyomo kwenye kucha. Si unajua kucha zinavyolainika ukishafua nguo nyingi? Ndevu ni hivyo hivyo. Zikikaa na maji ya vuguvugu dakika mbili au tatu zinavimba kidogo, zinalainika, na wembe unazikata bila kutumia nguvu.

Shida ni kwamba maji peke yake yanachuruzika. Povu ni maji yaliyofungwa: vipovu vya hewa, kila kimoja kimezungushiwa utando mwembamba wa maji ya sabuni. Vipovu vikiwa vidogo sana na vingi, maji yanakaa usoni. Vikiwa vikubwa kama vya kwenye beseni la kufulia, vinapasuka na kukuacha mkavu. Brashi inasaidia kwa sababu nywele zake nyingi zinapiga hewa ndani ya krimu mpaka vipovu vinakuwa vidogo kabisa. Pia inanyanyua ndevu zilizolala.

Haya, shika brashi

Krimu ninayoongelea ni ile ya tyubu, siyo ya kopo la kubonyeza ambalo povu linatoka likiwa tayari. Kaoge kwanza, au uoshe uso vizuri na usijifute. Wakati huo brashi iloweke kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, dakika moja inatosha. Itoe uikung'ute ibaki na unyevu bila kudondosha maji. Hapa ndipo wengi tunaharibu: brashi iliyojaa maji inaiosha krimu yote ikaishia shingoni na kwenye fulana.

Kamulia krimu kiasi cha korosho moja juu ya nywele za brashi. Korosho moja, jamani! Mimi mara ya kwanza nilimaliza karibu robo ya tyubu na sikupata povu la maana. Zungusha brashi kwenye bakuli, au moja kwa moja shavuni, bila kuikandamiza. Mwanzoni utaona kitu kinanata kama uji uliozidi unga, utadhani umekosea. Usiongeze krimu. Chovya ncha tu za brashi kwenye maji, zungusha tena kama nusu dakika. Chovya tena, zungusha tena. Ni kama mtu anayekanda unga wa chapati: maji yanaingia kidogo kidogo, ukiyamwaga yote kwa pamoja umeharibu.

Baada ya kuchovya mara tatu au nne hivi povu linabadilika. Linakuwa zito kama mtindi na linang'aa. Ukinyanyua brashi linasimama kidogo halafu ncha yake inalala. Chukua kidogo usugue kati ya kidole gumba na kidole cha shahada: vidole vikiteleza, tayari. Likiwa halina mng'ao na linaanza kukauka usoni kama chokaa, linataka maji. Likiwa jepesi lenye vipovu vya kuonekana kwa macho, umezidisha maji. Ongeza krimu kidogo sana uendelee kuzungusha. Lipake lote usoni na shingoni, uliache dakika moja au mbili. Usione haraka, hapo ndipo ndevu zinalainika.

Kunyoa kwenyewe sasa ni rahisi. Wembe uwe mkali. Pitisha kidole uone ndevu zinaelekea wapi (shingoni mara nyingi zinakwenda upande upande) halafu fuata uelekeo huo huo. Usikandamize, usivute ngozi. Mahali pakibaki, paka povu upya kabla ya kurudia. Na usitafute ule ulaini wa shavu la mtoto mchanga. Kwa wenye ndevu za kujikunja, ulaini ule ndio mwanzo wa vipele. Malizia kwa maji ya baridi. Spiriti achana nayo, inakausha ngozi na kuiunguza bure.

Maji nayo yana mambo yake

Kuna mshkaji atafuata yote haya na povu likakataa. Inawezekana kosa siyo lake. Mliosoma kemia ya maji magumu mnakumbuka: madini ya kalsiamu na magnesiamu yanaungana na sabuni na kutengeneza utando wa kijivu badala ya povu. Visima vingi vina maji ya namna hiyo, na maeneo ya pwani kama Dar es Salaam visima kibao vina chumvi. Maji ya mvua hayana madini hayo, kwa hiyo kikombe kimoja tu cha maji ya mvua kinaweza kukuokoa. Kuchemsha kunasaidia kwa baadhi ya maji magumu, siyo yote.

Kama huna hela ya brashi, krimu inaweza kupakwa kwa vidole. Povu halitakuwa zuri vile, lakini ukiwa umelowesha uso dakika mbili tatu utanyoa salama. Hata sabuni ya kuogea ni afadhali kuliko ya mche, ambayo ni kali kwa ngozi ya uso. Na wale mnaojali dini muulize dukani: brashi nyingi za bei nafuu ni za nywele za nguruwe. Zipo pia za nywele za farasi na za nailoni, na za nailoni hukauka haraka.

Wembe ni kama mswaki

Turudi kwenye ile ndoo ya bwenini. Wembe unakwangua ngozi hata kama huoni damu. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai nje ya mwili, hata kwenye damu iliyokauka, kwa siku 7 au zaidi. Vinaambukiza kwa urahisi kuliko virusi vya ukimwi. Chanjo yake ipo, ulizia kituo cha afya. Lakini hata ukichanjwa, wembe wako ni wako, na brashi pia. Kwa kinyozi omba wembe mpya ufunguliwe mbele yako; usione aibu, unalipa.

Brashi nayo isuuze mpaka maji yatoke safi, ikung'ute, iache ikauke kwenye hewa, siyo ndani ya mfuko wa plastiki chini ya godoro. Brashi chafu siyo mchezo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, 1914 hadi 1918, kuna askari wa Uingereza na Marekani waliopata kimeta, ugonjwa wa mifugo, kutokana na brashi za nywele za farasi ambazo kiwandani hazikusafishwa inavyotakiwa. Wapo waliokufa.

Dada, na kwapa je? Kanuni ni ile ile: maji, povu, wembe wako mwenyewe, bila kukandamiza. Ukishanyoa usipake manukato papo hapo, yatakuwasha. Na yale maneno kwamba ukinyoa nywele zinaota nene zaidi si kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 1928 ulishapima ndevu na kukuta hazibadiliki. Unazihisi ngumu kwa sababu ncha imekatwa butu.

Vipele vikiendelea pamoja na haya yote, usivitumbue. Acha kunyoa wiki kadhaa. Kama shule inalazimisha, nenda zahanati au hospitali ukaonwe, uombe barua ya kumpelekea mwalimu. Walimu wengi wakieleweshwa wanakubali ndevu zipunguzwe kwa mashine badala ya wembe. Na kama kuna kovu linalokua na kuwa gumu, nenda mapema, usisubiri likizo.

Yule rafiki yangu siku hizi anatumia mashine, anaacha ndevu fupi za kama milimita moja. Nilimwona mwezi uliopita kituo cha basi, kifungo cha juu kiko wazi.