Kila Mtoto Ana Saa Yake

Mama, tazama wasichana wawili wanaokaa benchi moja ku masomo. Wote wana miaka 12. Mmoja ana maziwa makubwa na ameisha kuona mwezi. Mwengine kifua chake kingali cha mtoto. Watu wanasema: wa kwanza ameisha kuwa mwanamke, atafutiwe bwana, wa pili amerogwa, hatazaa. Maneno yote mawili si kweli. Watoto hawa ni wazima. Saa zao tu hazifanani.

Juu ya nini hazifanani? Chini ya ubongo iko tezi ndogo. Ndiyo inayotuma amri, kwa njia ya damu, mpaka kwenye mayai ya msichana ao korodani za mvulana. Kwa mtoto mmoja amri inatoka mapema, kwa mwengine inachelewa. Mara nyingi ni mambo ya ukoo: kama wewe mama uliona mwezi ukiwa na miaka 15, binti yako naye anaweza kuchelewa. Tena mtoto aliyekonda juu ya njaa ao ugonjwa wa siku nyingi anachelewa.

KWA MSICHANA

Mabadiliko yanaanza kati ya miaka 8 na 13. Mara nyingi kitu cha kwanza ni kidonge kigumu chini ya chuchu, kinauma kikiguswa. Kinaweza kutoka upande mmoja, na upande wa pili ukafuata nyuma ya miezi. Si uvimbe mbaya. Usikikande kwa jiwe la moto, usikichanje kwa wembe. Mwezi unakuja karibu miaka 2 ao 3 nyuma ya maziwa kuanza. Mbele yake anaweza kuona maji meupe yasiyo na harufu mbaya wala kuwasha. Hayo si ugonjwa.

Miaka 2 ya kwanza, mwezi hauna hesabu nzuri: mara siku 21, mara siku 45. Usiogope. Lakini ujue kama binti anaweza kupata mimba hata mbele ya kuona damu ya kwanza.

KWA MVULANA

Yeye anaanza kati ya miaka 9 na 14, kwa hiyo dada yake anaweza kumpita urefu kwa wakati. Korodani zinakua kwanza, kisha nywele, uume na sauti. Korodani moja kushuka kuliko nyingine ni kawaida. Akilowesha nguo usiku kwa manii, si mkojo na si ugonjwa, usimchape. Wavulana wengi wanatoka maziwa kidogo. Yanaisha yenyewe, mara nyingi mbele ya miaka 2. Usiache wenzake wamcheke.

UMLETE KWA MUNGANGA KAMA:

– msichana ametoka maziwa mbele ya miaka 8, ao mvulana ameanza kubadilika mbele ya miaka 9;
– msichana ametimiza miaka 13 bila maziwa hata kidogo, ao mvulana miaka 14 na korodani bado ndogo;
– binti ana miaka 15 hajaona mwezi, ao miaka 3 imepita tangu maziwa yaanze;
– tumbo linamuuma kila mwezi lakini damu haitoki: pengine njia imefungwa, na munganga anaweza kuifungua;
– damu inapita siku 7, ao inajaza kitambaa kila saa;
– maji yana harufu mbaya ao yanawasha;
– maziwa ya mvulana yanazidi kukua, ao yanatoka maji.

Korodani isiyoshuka katika mfuko wake, usingoje mtoto akomae. Umlete angali mchanga.

MAMBO MAWILI YA HARAKA

Korodani ikiuma sana kwa ghafula, usingoje asubuhi. Pengine imejisokota na damu haipiti tena. Ikipita saa 6 bila kufunguliwa, inaweza kufa.

Mtoto mdogo asiye na maziwa akitoka damu chini, umlete siku ile ile. Pengine ni kidonda, pengine mtu amemtendea vibaya. Usimkaripie, usimuoshe kwanza. Dawa ya kuzuia ukimwi inafaa ianze mbele ya saa 72 kupita.

Kliniki tutampima uzito na urefu, na munganga atamtazama wewe ukiwa karibu. Mara nyingi atasema: ngojeni tu. Mara nyingine ataona njaa, kifua kikuu, ao ugonjwa wa damu wa SS. Hayo yote yana matunzo.

NYUMBANI

Sema na binti yako mbele ya siku ile. Msichana asiyeambiwa akiona damu anafikiri anakufa. Umtayarishie vitambaa safi na sabuni. Vikifuliwa vianikwe juani, si chini ya kitanda. Asiache masomo. Maziwa kutoka hakumfanyi kuwa mtu mzima: akili na mifupa yake bado vinakua. Sheria ya Kongo ya mwaka 2009 inakataza kuoza mtoto ambaye hajatimiza miaka 18.

Na fishi ya mtoto usiitupe nyuma ya chanjo. Tarehe ya kuzaliwa iko pale, na bila tarehe hatuwezi kujua kama mtoto amechelewa ao saa yake haijafika. Siku unamleta, uje nayo.