Kahawa ikae wapi ibaki ya moto bila kuharibika?

Jua likishatua Mbagala, Tandika au Mwananyamala, jijini Dar es Salaam, muuza kahawa husikika kabla hajaonekana. Mkono mmoja unagonganisha vikombe vidogo, mwingine umebeba dele, na chini ya dele kuna kibati chenye makaa. Anamimina, mteja anang'ata kashata, anamaliza mafunda yake matatu na kurudisha kikombe. Kahawa iliyopikwa alasiri bado ina moto saa tatu usiku.

Nyumbani mambo huwa tofauti. Mtu anachemsha kahawa na tangawizi alfajiri, anakunywa kikombe cha kwanza, na akirudi kutafuta cha pili anakuta sufuria imepoa. Wapo wanaoirudisha jikoni ichemke tena. Wapo wanaoiacha tangu mwanzo juu ya makaa yanayofifia, na wapo wanaoitia kwenye chupa ya chai. Njia zote tatu humpa mnywaji kahawa ya moto, lakini kwa ladha na kwa afya haziko sawa. Kanuni ya kushika ni hii: zuia joto lisitoke badala ya kuongeza moto, na ukumbuke kwamba joto la kuhifadhia kahawa si joto la kuinywea.

Joto linavyopotea

Kahawa iliyotoka kuchemka ina nyuzi joto 95 hivi, ilhali hewa ya Dar es Salaam mchana wa joto huwa kwenye nyuzi 32 au karibu na hapo. Tofauti hiyo inapokuwa kubwa joto hukimbia haraka, na inapopungua kasi nayo hupungua. Isaac Newton aliliandika jambo hili mwaka 1701. Ndiyo maana kahawa hushuka nyuzi nyingi katika dakika za mwanzo, kisha hukaa muda mrefu ikiwa vuguvugu.

Kwenye chombo kilicho wazi, mwizi mkubwa wa joto ni mvuke. Maji hayageuki mvuke bila kuchukua joto jingi kutoka kwa yale yanayobaki. Gramu moja tu ikipaa kutoka kwenye kikombe cha mililita 200, kahawa iliyobaki hushuka karibu nyuzi 3. Kwa hiyo kabla hujafikiria kununua chombo chochote, funika. Hata sahani iliyowekwa juu ya sufuria inaleta tofauti unayoweza kuionja.

Joto lingine hupita kwenye kuta za chombo na kwenda kwenye hewa, au kwenye meza ya simenti kilipokaa. Lililobaki hutoka kama miali, sawa na lile unalolisikia usoni ukisimama mbele ya tanuri la mikate bila kuligusa.

Ukiujua mchezo huo, unaelewa kwa nini dele hushinda sufuria. Ni pana chini na jembamba shingoni, nalo lina kifuniko, kwa hiyo sehemu ya kahawa inayokutana na hewa ni ndogo. Dele la shaba lililosuguliwa likang'aa hutoa miali michache kuliko chombo kilichojaa masizi. Kisha hubeba lita kadhaa, na kinywaji kingi hupoa polepole kuliko kidogo. Makaa yaliyofunikwa na majivu yana kazi ya kurudisha kile kidogo kinachopotea. Sufuria ya nyumbani ni kinyume chake: mdomo mpana, bati jembamba, na ndani kahawa ya vikombe viwili.

Kahawa ikikaa motoni muda mrefu

Harufu ya kahawa iliyotoka tu jikoni ni mchanganyiko wa mamia ya kemikali nyepesi zinazopaa kwa urahisi. Sufuria ikiendelea kutoa mvuke, harufu nayo inaondoka. Wakati huohuo asidi za klorojeniki, ambazo kahawa inazo kwa wingi, huendelea kuvunjika kwa joto na kuzaa asidi ya kafeiki na asidi ya kwiniki. Matokeo yake ni ule ukali wenye uchachu unaokereketa ulimi, ambao sukari haiuondoi.

Unga wa kahawa ukiachwa ndani huzidisha tatizo, kwa kuwa mashapo yale huendelea kutoa uchungu kila dakika yanapokuwa kwenye maji ya moto. Kahawa ya kuhifadhi ichujwe mara tu ikishaiva.

Hii haina maana kwamba kahawa iliyopashwa ni sumu. Kahawa ya rangi, isiyo na maziwa, ikichemshwa tena hupoteza ladha tu. Lakini wanaodhani kwamba kahawa iliyokaa motoni imeisha nguvu wamekosea hesabu. Kafeini haivunjiki kwa joto la kuchemka. Maji yakipungua, kahawa inakolea, na kikombe cha mwisho cha usiku kinaweza kuwa na kafeini nyingi kuliko cha kwanza. Mwili wa mtu mzima huchukua takriban saa 5 kuondoa nusu ya kafeini iliyoingia, na wa mama mjamzito huchukua muda mrefu zaidi. Anayekunywa kahawa ya namna hiyo saa tatu usiku asishangae kukesha.

Kwa mwenye birika la umeme, kupika upya ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 95 hula takriban sehemu moja ya kumi ya uniti ya LUKU. Pika vikombe viwili unapovihitaji, kuliko kuchosha kahawa ya asubuhi hadi jioni.

Makaa yabaki nje

Muuza kahawa ana faida moja ambayo mpangaji wa chumba kimoja Tandale au Keko hana: anafanya kazi kwenye hewa ya wazi. Makaa yanayofuka polepole chini ya majivu, yaleyale yanayofaa kutunza moto wa dele, hayapati hewa ya kutosha kuungua vizuri, nayo hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hung'ang'ania chembe nyekundu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili hukosa hewa huku mtu akiendelea kupumua.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na kwa aliyekwisha kulala hakuna dalili ya kumwamsha. Msimu wa mvua, madirisha yanapofungwa, jiko la mkaa lililoingizwa ndani ili birika lisipoe linaweza kuua familia nzima. Akitokea mtu mwenye dalili hizo chumbani penye jiko, mtoe nje kwenye hewa safi na umwahishe hospitali.

Hata pasipo ajali ya aina hiyo, moshi wa majikoni una gharama yake. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kuacha kuweka mkaa kwa ajili tu ya kutunza kahawa ni hatua ndogo ambayo kaya inaweza kuianza leo.

Chupa ya chai na ombwe lake

Chupa ya chai haipashi kitu. Kazi yake ni kuziba njia zote ambazo joto hutumia kutoka. Mgunduzi wake, mwanasayansi Mskoti James Dewar, aliitengeneza mwaka 1892 akitafuta chombo cha kuhifadhia gesi zilizogeuzwa kimiminika kwa ubaridi mkali, wala hakuwa na mpango wa chai. Kampuni ya Kijerumani ndiyo iliyoanza kuiuza kwa jina la Thermos mwaka 1904.

Ndani yake mna kuta mbili za kioo au za chuma, na katikati hewa imetolewa, likabaki ombwe. Pasipo hewa, joto halina cha kupitia. Kioo kimepakwa rangi ya fedha ili kurudisha miali ndani, na kizibo huzuia mvuke. Sehemu dhaifu ni shingo na kizibo, na joto jingi hupotelea hapo.

Ili chupa ifanye kazi yake yote, ioshe kwanza kwa maji yanayochemka na uyaache ndani dakika 5 kabla ya kuyamwaga. Kioo baridi hunyonya joto la kahawa, kwa hiyo ni heri kinyonye la maji. Jaza hadi karibu na shingo, maana chupa ya lita mbili iliyotiwa vikombe viwili hupoa haraka. Kama kaya ina wanywaji wawili, chupa ndogo inafaa zaidi.

Chupa iliyochoka hujulikana. Tia maji yanayochemka, funga, kisha baada ya dakika 10 ipapase ubavuni. Ikiwa ganda la nje limepata joto, ombwe limeingia hewa na chupa hiyo imebaki kuwa jagi. Harufu ya chai ya jana huondolewa kwa siki, maji ya uvuguvugu na punje chache za mchele, unazozitikisa taratibu. Steelwire hukwaruza, usiitumie ndani.

Hata kwenye chupa nzuri, ladha hushuka kadiri saa zinavyopita. Kwa anayejali harufu, saa moja au mbili za kwanza ndizo bora.

Maziwa yaingie kikombeni

Kahawa ya rangi haiwapi bakteria chakula kingi. Kahawa ya maziwa ni jambo jingine. Baadhi ya bakteria, kama Bacillus cereus, hutengeneza vijimbegu vinavyostahimili kuchemshwa, na chakula kikishuka kwenye uvuguvugu huzaana upya. WHO inashauri chakula kilichopikwa kihifadhiwe kwenye joto linalozidi nyuzi 60, na kisiachwe kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2.

Chupa iliyojazwa saa mbili usiku kwa ajili ya daku, au kahawa ya maziwa iliyolazwa kwa ajili ya waombolezaji msibani, huenda ikafika alfajiri ikiwa chini ya kiwango hicho. Suluhisho halina gharama. Chupani weka kahawa ya rangi, na maziwa yachemshwe yaongezwe kikombeni wakati wa kunywa. Kahawa ya maziwa iliyobaki vuguvugu kwa saa nyingi imwagwe, maana kuichemsha tena si dawa: sumu ya baadhi ya bakteria huvumilia moto.

Nyuzi 65 ndio mpaka

Chupa nzuri ina kasoro moja inayotokana na ubora wake: kahawa hutoka humo ikiwa na nyuzi 80 au zaidi. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) liliwakusanya wanasayansi 23 kutoka nchi 10 kupitia ushahidi wote kuhusu kahawa na vinywaji vya moto. Kahawa yenyewe ilisafishwa jina, ikaondolewa kwenye kundi iliyokuwemo tangu mwaka 1991 kwa kushukiwa kuhusika na saratani ya kibofu. Lakini kinywaji chochote kinachonywewa kikiwa juu ya nyuzi 65, hata maji matupu, kiliwekwa kwenye kundi la vitu ambavyo inaelekea vinasababisha saratani kwa binadamu. Saratani inayohusika ni ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni.

Hilo linatuhusu kwa karibu. Ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania hadi Malawi na Afrika Kusini, una wagonjwa wengi wa saratani hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipima joto la chai jinsi watu wanavyoinywa mkoani Kilimanjaro, na wastani wa funda la kwanza ulikuwa juu ya nyuzi 70. Waliokunywa chai ya maziwa waliinywa ikiwa na moto zaidi, kwa sababu chai ya rangi ilipoa haraka kuliko yao. Nchini Iran, mkoani Golestan, utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba waliokunywa mililita 700 au zaidi za chai kwa siku, ikiwa na nyuzi 60 au zaidi, walikuwa na hatari kubwa kwa asilimia 90 kuliko waliokunywa kidogo na iliyopoa.

Tumbaku na pombe ni visababishi vinavyojulikana zaidi, na kikombe kimoja cha moto hakimpi mtu saratani. Tatizo ni kuunguza umio kila siku kwa miaka mingi.

Huhitaji kipimajoto. Mimina kwenye kikombe kipana kilicho wazi na usubiri kama dakika 10. Mwenye haraka aongeze maziwa yaliyochemshwa yakawekwa kwenye friji: mililita 50 za nyuzi 5 hushusha mililita 200 za kahawa kutoka nyuzi 80 hadi 65. Ukiona bado huwezi kunywa bila kupuliza na kuvuta kwa sauti, rudisha kikombe mezani.

Moto huohuo ni hatari kwa mtoto. Kimiminika cha nyuzi 70 huunguza ngozi chini ya sekunde moja, kwa hiyo chupa isikae kwenye mkeka wala ukingoni mwa meza yenye kitambaa kinachoning'inia. Mtoto akiungua, weka sehemu hiyo chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpeleke kituo cha afya. Usipake dawa ya meno, mafuta wala yai.

Na yeyote anayeanza kuona chakula kinakwama kooni, au anayelazimika kusukumia kila tonge kwa maji, asijitibu kwa tangawizi wala asiisingizie kahawa. Aende hospitali mapema, kwa sababu saratani ya umio ikichelewa kugunduliwa, tiba yake huwa ngumu.