Ajali Ina Kinga: Haki ya Mpanda Baiskeli wa Ng'ambo

Baada ya sala ya alfajiri, jua likiwa bado halijachomoza vyema, baiskeli za ng'ambo huwa zimekwisha kuingia njiani. Huyu aelekea soko la Kongowea, yule atoka Mtongwe kuiwahi feri ya Likoni, na mwingine ashuka kutoka Chaani kwenda kibaruani bandarini. Mmoja kapakia mikate, wa pili tenga la samaki, wa tatu mwanawe wa skuli. Wengi wao ni watu ambao nauli ya matatu, ya kwenda na kurudi, ingemeza sehemu kubwa ya pato lao la siku.

Apatwapo mmoja wao na gari, tukenda matangani husikia neno lile lile: ajali haina kinga. Sisi Waislamu twaamini kadari, wala hakuna abishanaye na alilolipanga Mola. Lakini dini hiyo hiyo yatufunza kumfunga ngamia kwanza, ndipo tutawakali. Barabara isiyo na nafasi ya kupita baiskeli ni ngamia aliyeachwa bila kamba.

Hebu tutazame njia zenyewe. Mombasa ni kisiwa, na milango ya kukiingia ni michache. Watu wa Likoni huvuka kwa feri. Wa Kisauni hupita daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 kuchukua mahali pa lile la kuelea la mwaka 1931. Wa Changamwe hupita Makupa, ambako daraja jipya lilifunguliwa mwaka 2022. Kila asubuhi magari, tuktuk, bodaboda, mikokoteni na waendao kwa miguu hubanana katika milango hiyo mitatu, na mpanda baiskeli ndiye asukumwaye ukingoni, penye mchanga, mashimo na mitaro. Huko Changamwe taabu huzidi kwa sababu ya malori ya makontena, kwani dereva, kwa jinsi alivyokaa juu, huenda asimwone kabisa mtu aliye ubavuni mwa gurudumu.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka. Zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Na kinga yajulikana. Ya kwanza ni njia ya peke yake, iliyotengwa na magari kwa ukingo wa saruji na si kwa mstari wa rangi tu. Ya pili ni mwendo. Sheria ya Kenya yaruhusu kilomita 50 kwa saa mijini, lakini wataalamu washauri 30 mahali magari na watu wanapochanganyika, maana agongwaye kwa mwendo huo ana tamaa kubwa zaidi ya kuokoka. Ya tatu ni taa za barabarani, kwa wale watokao kazini usiku.

Wenzetu wamekwisha kuanza. Mwaka 2015 kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli, ikaahidi kuwatengea asilimia 20 ya fedha za usafiri. Dar es Salaam, mabasi ya mwendo kasi yalipoanza mwaka 2016, barabara ya Morogoro ilipata pia njia za baiskeli. Hata hivyo, ahadi ya karatasi haimvushi mtu, na njia ikigeuzwa kituo cha bodaboda au mahali pa kutandazia bidhaa, ni kana kwamba haikujengwa.

Kwa Mombasa, mpango wowote wa namna hiyo lazima uanze ng'ambo, na uanze milangoni. Tena kuna fundo moja la kufunguliwa. Katiba ya mwaka 2010 iliipa kaunti barabara zake, taa za njiani na usafiri wa mjini, lakini barabara kuu ziko chini ya serikali ya taifa. Mtu wa Bombolulu akenda kisiwani hupita katika mamlaka zote mbili kwa safari moja. Wasipoketi pamoja, kila mmoja atamnyooshea mwenziwe kidole, na mpanda baiskeli atabaki ukingoni pale pale.

Tusemapo usalama wa wote, tusifikirie wanaume peke yao. Huko Unguja si ajabu kumwona msichana mwenye ushungi akenda skuli kwa baiskeli. Buibui si kizuizi, maana kifuniko cha mnyororo chatosha kulinda vazi, kama kilindavyo kanzu. Kizuizi ni gari linalompitia kwa shubiri moja. Wako pia walemavu wa baiskeli za magurudumu matatu, wazungushao kwa mikono, ambao hawawezi kuruka mtaro wala kupanda ukingo.

Nasi tuna wajibu wetu. Mwenye baiskeli ashike kushoto, awe na kengele, breki na taa. Mwenye duka asimwage kifusi njiani. Mwenye bodaboda asiigeuze njia ya mwenziwe maegesho. Mtume (S.A.W.) alitufunza kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi la imani. Basi aliyepewa mamlaka juu ya njia nzima, na fedha za kuitengeneza, udhia wake wa kuondoa ni mkubwa kuliko jiwe, na hesabu yake vilevile.