Unauza Picha za Majengo ya Zamani Mtandaoni? Jua Gani ni Yako na Gani Itakuletea Noma

Cheki hii. Umetoka Kangeta na mathree ya kwenda Meru, ukashuka Nchiru na ukapiga picha safi ya pale wazee wa Njuri Ncheke hukutana. Ukasonga hadi Meru mjini, ukanasa lile jengo la mawe la Meru Museum, lenye lilijengwa 1916 kama ofisi ya DC wa mkoloni. Jioni umezipakia Shutterstock ama Adobe Stock na unangoja dola. Picha moja inapita. Ingine inarudi, wanataka fomu ya idhini.

Wasee wengi hapo husema wameonewa. Ukweli ni kwamba picha moja inaweza kuwa na wenyewe watatu ama wanne: wewe, mwenye kilicho ndani ya picha, mwenye mahali ulisimama, na watu wenye sura zao zinaonekana. Ukijua kuwatofautisha, utauza bila presha.

Picha yenyewe ni ya nani?

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema mwenye picha ni yule aliyeipanga. Si mwenye simu, si mwenye kamera. Hakimiliki inaanza hapo hapo, hata kama hujasajili popote, na inakaa miaka 50. Kusajili na KECOBO ni ushahidi tu, siku msee akikuibia.

Lakini kuna mtego. Kama hoteli, NGO ama msee wa kampeni amekulipa umpigie picha, sheria inachukulia hakimiliki imehamia kwake, labda muwe mmekubaliana vingine. Ni hivyo pia kama umeajiriwa studio na hizo picha ni za kazi. Hizo huwezi chukua ukauze tena kwa stoki juu ati ni wewe ulibonyeza. Kwa hivyo kabla ya kazi, andikeni: "Mteja atatumia picha, hakimiliki inabaki kwa mpiga picha." Mstari mmoja, lakini uko na doh ndani.

Na jengo je?

Jengo pia ni kazi ya sanaa, na mchoraji wake ako na hakimiliki maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Chukua KICC, ilimalizika 1973. Karl Henrik Nøstvik, mmoja wa waliolichora, alikufa 1992. Kwa upande wake peke yake, hesabu inakupeleka mwisho wa 2042. Sasa ngoja hadi hapo ndio upige picha? Zii. Sheria yetu imeacha mlango wazi: kazi ya sanaa yenye iko mahali watu wote wanaweza kuiona, unaruhusiwa kuinakili na kusambaza nakala. Ukiwa barabarani, KICC ni halali yako.

Shida ni kwamba soko la stoki haliko Kenya peke yake. Wanunuzi wengi na hizo tovuti kubwa ziko Marekani. Kule, picha ya jengo lenye linaonekana kutoka mahali pa umma iko sawa, lakini sanamu haiko kwa hiyo ruhusa. Ile sanamu ya Dedan Kimathi pale Nairobi iliwekwa 2007, kazi ya mkono wa Kevin Oduor. Hakimiliki iwe bado ni yake ama ilihamia kwa aliyemwagiza, haijaisha. Kenya uko sawa, lakini tangazo la Marekani likitumia hiyo picha, kunaweza kuwaka.

Na iliwahi kuwaka. Mwaka wa 2003 posta ya Marekani ilitoa stempu yenye picha ya sanamu za wanajeshi wa vita vya Korea, zile ziko Washington. Mpiga picha alilipwa dola 1,500. Hakuna mtu alimuuliza mchongaji, Frank Gaylord. Alienda kortini, na 2013 korti ikaamua alipwe zaidi ya dola 684,000. Picha ilikuwa kali na mpiga picha alikuwa na haki yake, lakini haki ya sanamu ilikuwa ya mtu mwingine.

Mambo ya geti

Hapa hakimiliki haihusiki. Ukiingia ndani ya makavazi ama mnara wa kihistoria chini ya NMK, tiketi yako ni ya kuona na kupiga za kumbukumbu. Picha za biashara zinahitaji ruhusa na ada. KWS pia ni hivyo, hata hapo Meru National Park. Na usirushe droni bila kibali cha KCAA.

Halafu kuna mila. Tangu 2016 Kenya iko na sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jadi, na inataka jamii iulizwe kabla hizo vitu ziuzwe. Jengo la Nchiru ukiwa nje ni kitu kimoja. Wazee wakiwa kwa kikao, na mavazi na vifaa vyao, ni kitu ingine kabisa. Omba ruhusa, kwa heshima, na upate jibu kabla ya kutoa kamera.

Sura za watu

Umepiga jengo, lakini mbele kuna mtoi wa shule anacheka. Sura ni data ya mtu, na kuitumia kwa biashara bila idhini ni kosa chini ya sheria ya 2019. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilipiga Casa Vera Lounge faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila idhini. Roma School ya Uthiru ikalimwa 4,550,000 kwa picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Kwa hivyo ngoja watu wapite, ama wasaini fomu. Kama ni mtoto, mzazi ndiye anasaini.

Sasa uuze aje?

Tovuti za stoki ziko na vitengo viwili. Cha biashara ni cha matangazo, mabango na bidhaa, na hapo ndio wanadai fomu za idhini. Cha habari, chenye wanaita editoriali, ni cha magazeti, vitabu na makala, na mara nyingi fomu hazitakiwi.

Kabla ya kupakia, jiulize: Nilikuwa barabarani ama ndani ya geti? Kuna sanamu, mchoro ama nembo ya kampuni? Kuna sura inajulikana? Kuna msee alinilipa kwa hii kazi? Majibu yote yakiwa poa, weka kwa biashara. Kukiwa na sanamu ama sura, na ulipiga kihalali, jaribu editoriali na uandike maelezo ya kweli: mahali, tarehe, ni nini. Kama ulipiga ndani ya geti bila ruhusa, itafute kwanza, juu kubadilisha kitengo hakutakuokoa.

Na ukikataliwa, usifute picha. Soma sababu walikupea. Mara nyingi ni fomu moja tu inakosekana, na fomu inasainiwa kwa dakika mbili ukipata mwenyewe.