Safari ndefu, kiu na kazi ya figo

KIGALI. Jioni katika stendi ya Nyabugogo, mabasi ya Kampala yanapopakia, wapo wafanyabiashara wanaokataa hata funda moja la maji. Sababu inaeleweka: basi halisimami kila abiria anapotaka kujisaidia. Lakini kiu hiyo ina gharama yake, na anayeilipa ni figo.

Binadamu ana figo mbili, kila moja kama ngumi. Karibu sehemu moja kwa tano ya damu inayosukumwa na moyo hupitia humo. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo takriban milioni moja, na kila kichujio ni kifundo cha mishipa myembamba sana. Mshipa unaoingiza damu ni mpana kuliko unaoitoa, hivyo damu husongamana, na shinikizo lake husukuma nje maji, chumvi, sukari na taka. Chembe za damu na protini hubaki ndani kwa kuwa ni kubwa. Ni kazi ya chekeche: kidogo hupita, kikubwa husalia.

Kwa siku huchujwa lita 180 hivi. Mirija midogo hurudisha kwenye damu karibu maji yote, pamoja na sukari na chumvi inayohitajika. Lita moja na nusu au mbili zinazobaki ndizo mkojo.

Kazi yote hiyo inategemea shinikizo. Likizidi kwa miaka, vichujio huharibika, na kisukari huviharibu vilevile. Maji yakipungua mwilini, uchujaji nao hupungua. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zinazomezwa sana baada ya kubeba mizigo, huweza kuubana mshipa unaoingiza damu. Anayezimeza akiwa na kiu huzipiga figo zake mara mbili.

Ubaya ni kwamba figo hazilalamiki mapema. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake bila kuhisi lolote. Mkojo wenye povu lisiloisha, au miguu kuvimba, ni ishara ya kumwona daktari. Kupima shinikizo la damu, sukari na protini kwenye mkojo hugundua tatizo mapema.

Hospitali ya King Faisal jijini Kigali ilianza kupandikiza figo mwaka 2023. Awali wagonjwa walipelekwa nje, wakiwamo waliokwenda India. Ni hatua kubwa, lakini anayepandikizwa humeza dawa maisha yake yote. Anayesafishwa damu kwa mashine kwa kawaida hukaa hapo saa nne, mara tatu kwa wiki. Biashara ya mpakani haiwezi kumsubiri.

Chupa ya maji ni nafuu zaidi. Msafiri anywe kidogo kidogo njiani, ajisaidie kila basi linaposimama, na asimeze dawa za maumivu kwa mazoea. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo amuulize daktari kiasi cha maji kinachomfaa.