Kuwapo Mwilini: Utangulizi wa Tiba ya Mwili na Nafsi

Taaluma unayoikaribia inashughulikia jambo ambalo wengi wetu Kakamega tulilifanya utotoni bila kujua kwamba lina wasomi wake: kuuhudhurisha moyo pale mwili ulipo. Wasomi huiita somatiki, na ndani yake zimo yoga ya matibabu, tiba ya dansi na njia nyingine zinazomfikia mgonjwa kupitia pumzi, misuli na mwendo. Utangulizi huu ni wa wauguzi, washauri nasaha, walimu na wanafunzi wanaotafuta pa kuanzia. Hoja yake ni moja: mazoezi haya hufaa pale anayeyafanya na anayeyaongoza wanapokuwapo kweli.

Tuanze na mgonjwa. Mtu aliyenusurika ajali ya barabarani au kipigo nyumbani anaweza kukusimulia kisa chake kwa mpangilio mzuri, huku mabega yamempanda, viganja vinatoka jasho na usingizi umemtoroka kwa miezi. Akili yake inajua kwamba hatari imepita. Mwili bado uko macho. Maneno hufika kwenye kisa tu. Kuna haja ya njia ya kuufikia mwili wenyewe.

Njia hiyo imetafutwa kwa muda mrefu. Mwaka 1942 Marian Chace, mcheza dansi, alianza kufanya kazi na wagonjwa wa akili katika hospitali ya St. Elizabeths, Washington. Wasiosema neno aliwafuata kwa kuuiga mwendo wao mpaka wakaitikia. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, alianza kuwafundisha wagonjwa wa maumivu sugu kutulia, kuukagua mwili kiungo kwa kiungo, na yoga nyepesi. Mwaka 2014 daktari wa magonjwa ya akili Bessel van der Kolk na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 64 wenye kiwewe kilichoshinda tiba nyingine. Kundi moja lilifanya yoga saa moja kwa wiki, kwa wiki 10. Jingine lilipewa elimu ya afya ya wanawake. Mwishowe, 16 kati ya 31 waliopimwa katika kundi la yoga hawakuwa tena na dalili za kutosha kuhesabiwa wagonjwa wa kiwewe. Katika kundi la pili walikuwa 6 kati ya 29. Utafiti wa watu 64 haumalizi mjadala, lakini unastahili kusomwa kwa makini.

Mwalimu wa yoga ya namna hii haamrishi. Hasemi, “Fumba macho,” kwa kuwa aliyewahi kuvamiwa gizani huenda akaogopa zaidi. Husema, “Ukipenda fumba macho, au tazama sakafu hapo mbele yako.” Akiona mtu amezuia pumzi, hamsukumi mgongo wala kumshika bega, hupunguza mwendo, humkumbusha kusikia nyayo zinavyokanyaga chini, kisha hungoja. Kungoja huko ni kazi. Anayechungulia simu au kuwaza kipindi kijacho hataiona pumzi ile, na wanafunzi watajua hayupo hata sauti yake ikiwa tamu.

Hapa kwetu mfano hauko mbali. Katika isukuti ya Waisukha na Waidakho, huko Shinyalu na Ikolomani, ngoma kubwa, ya kati na ndogo hupigwa pamoja na pembe na njuga. Kiongozi huimba, safu ya wanaume na ya wanawake zikamwitikia kwa mwili mzima, tena kwa kasi. Anayewaza deni la dukani hukosea hatua papo hapo. Huchezwa arusini, na matangani pia, ambako aliyefiwa haachiwi maneno ya pole tu; hupewa mdundo, pumzi na watu wa kucheza nao. Isukuti si tiba ya kliniki, wala yoga si isukuti, lakini zote mbili zinadai mtu asiwe kwingine.

Pingamizi zipo. Waumini huuliza kama yoga ni dini. Chimbuko lake ni India na limefungamana na imani za huko. Mtaalamu mwaminifu halifichi hilo, na asiyeitaka apewe njia nyingine, hata kutembea polepole kwa makini. Je, yoga inachukua nafasi ya dawa? La. Mwenye sonona kali asiache tiba ya hospitali. Na ingawa shirika la Africa Yoga Project, lililoanzishwa Nairobi mwaka 2007, limewapa vijana wengi ujuzi wa kufundisha yoga, ualimu wa yoga haumfanyi mtu kuwa mtabibu wa kiwewe. Tangu 2014 Kenya ina sheria inayomtaka mshauri nasaha asajiliwe.

UNESCO iliiandikisha yoga mwaka 2016 katika orodha ya urithi wa binadamu wote. Isukuti iliitangulia, mwaka 2014, lakini katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa sababu wajuzi wake wengi ni wazee na warithi ni wachache. Yoga itafundishwa hata tusipokuwapo; isukuti haina uhakika huo. Kwa hiyo, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, nawe muuguzi wa zamu, soma vitabu vya somatiki na ujifunze yoga. Ila kabla ya kuchagua mada ya utafiti, nenda Shinyalu ukawaombe wazee wakufundishe. Cheza nao kwanza, halafu uandike.